Reni wa Svalbard

Reni wa Svalbard (Rangifer tarandus platyrhynchus) ni nususpishi ya reni anayeishi katika visiwa vya Svalbard peke yake, milki ya Norwei iliyo kati ya latitudo 74 na 81 Kaskazini. Ni mdogo kuliko reni wa bara: mwili wa duara, kichwa kifupi, na miguu mifupi kiasi kwamba kwa mbali hudhaniwa amezama kwenye theluji hata pale ambapo theluji hakuna. Neno platyrhynchus ni la Kigiriki, maana yake mwenye pua pana.

Jamaa yake ni Cervidae, si ile ya swala na nyumbu. Pembe za swala hukaa naye maisha yote. Za reni zina matawi, hudondoka kila mwaka na kuota upya. Tena hata majike wanazo, jambo ambalo halionekani kwa spishi nyingine yoyote ya jamaa hiyo. Madume huangusha pembe zao baada ya msimu wa kupandana wa Oktoba, ilhali majike wengi hubaki nazo hadi karibu na kuzaa mwezi Juni. Matokeo yake, katikati ya baridi jike mwenye mimba anaweza kumfukuza dume mkubwa kwenye shimo la malisho.

Baridi yenyewe haimsumbui sana. Kila unywele wa koti lake la nje una hewa ndani, na pumzi inayotoka hupozwa puani ili joto lirudi mwilini. Kwa kuwa jua halichi kwa miezi kadhaa ya kiangazi wala halichomozi kwa miezi kadhaa ya baridi, nyakati hizo hafuati ratiba ya usiku na mchana. Hula, hulala na kucheua kwa zamu fupi saa zote 24. Haendi safari ndefu kama jamaa zake wa bara, na hakai katika makundi makubwa. Mara nyingi huonekana wawili watatu, wengine wakilisha katikati ya nyumba za mji wa Longyearbyen bila wasiwasi.

Hana mbwa mwitu wa kumwinda. Mbweha wa aktiki hungoja mizoga, na dubu mweupe humkamata mara mojamoja. Adui wake mkubwa ni njaa. Kiangazi kifupi humpa nyasi, maua na mierebi isiyozidi urefu wa kidole, naye hujaza shahamu mgongoni ya kumsaidia hadi mwaka ujao. Kuvumwani, chakula maarufu cha reni wa bara, ni haba hapa, hivyo wakati wa baridi huchimba kwa kwato kutafuta vijiti, nyasi kavu na ile mimea laini inayotandaa ardhini kama zulia, ambayo haina lishe ya maana.

Theluji kavu huchimbika. Balaa ni mvua ya Januari. Maji hupenya kwenye theluji hadi ardhini, yakaganda, na mimea yote ikafungiwa chini ya barafu ngumu. Mnyama hupiga kwato mara kumi, ishirini, kisha husogea hatua chache na kuanza upya. Wa kwanza kufa ni ndama na wazee ambao meno yao yamesagika. Wanaobaki hupanda vilele vilivyopeperushwa theluji na upepo, au huteremka ufukweni kula mwani uliotupwa na mawimbi. Mwani huo hausaidii sana, huwaharisha.

Rasi ya Brøggerhalvøya inaonyesha jambo hili waziwazi. Reni walikuwa wamekwisha kuwindwa huko, hivyo mwaka 1978 wakaletwa 15 kutoka bonde la Adventdalen. Kufikia 1993 walikuwa wamezidi 300. Baridi iliyofuata ikaleta mvua na barafu, na kundi likashuka chini ya 100: wengi walikufa, wengine wakahamia kwingine.

Uwindaji ndio uliowahi kukaribia kuwamaliza kabisa. Mwaka 1925, Norwei ilipochukua mamlaka ya visiwa, walikuwa wamebaki takriban 1,000, wakapewa ulinzi wa sheria. Uwindaji mdogo wa leseni uliruhusiwa tena mwaka 1983 katika mabonde machache. Leo wanakadiriwa kuwa takriban 22,000, na mtu anaweza kushangaa: si hali ya hewa inawaua? Inawaua, na pia inawalisha. Kiangazi kimekuwa na joto zaidi, nyasi zimeongezeka, na majike wanaoingia vuli wakiwa wanene hushika mimba kwa wingi. Lakini wakiwa wengi hugawana malisho yaleyale chini ya barafu. Majike waliozaliwa mwaka 1994, walipopimwa mwezi Aprili wakiwa wazima, walikuwa na wastani wa kilo 55. Waliozaliwa mwaka 2010 walikuwa na kilo 48.