Profesa Mararo na historia ya udongo wa Masisi

Stanislas Bucyalimwe Mararo ni mwanahistoria Mkongomani. Mwaka 1990 alipata udaktari kwenye Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, kwa kazi juu ya ugomvi wa udongo kule Masisi, toka 1920 mpaka 1989.

Kuanzia 1937, wakoloni Wabelgiji walileta Masisi familia nyingi za Rwanda, wakiziweka Gishari. Kiisha uhuru, wakubwa wakajipatia mashamba ya ng'ombe, mkulima mdogo akabaki bila pa kulima.

Machi 1993 mauaji yakaanza sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Mwaka 1997 Mararo akaandika tena, akifika 1994: udongo, utawala na kabila pamoja. Kumbe anayetaja kabila tu anaacha nusu ya habari.