Somo la Historia: Friji Isiyoharibu Anga

Fungueni daftari zenu, tuanze somo la leo.

Umepata kuona friji dukani, imejaa soda na maziwa? Ndani ya mabomba yake mna gesi izungukayo na kuondoa joto. Zamani gesi hiyo ilikuwa CFC. Haikuwaka moto, kwa hiyo wenye viwanda waliipenda. Lakini mwaka 1974 wataalamu wawili, Molina na Rowland, walionya kwamba ikivuja hupanda juu sana na kuharibu ozoni, yaani hewa inayotukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yalifanya mapatano mjini Montreal, nchini Kanada, ili kuipunguza.

Hapo ulizuka ugomvi. Nchi tajiri ndizo zilizotoa sehemu kubwa ya gesi ile. China na Uhindi, ambazo viwanda vyao vya friji vilikuwa bado vichanga, hazikukubali kuingia. Hebu fikiri: mwenzako amekula, nawe waambiwa ulipe!

Mwaka 1990, mjini London, nchi tajiri zilikubali kuchanga fedha katika mfuko mmoja, ili viwanda vya nchi maskini vibadilishe mitambo. China ikaingia mwaka 1991, na Uhindi mwaka 1992.

Lakini fedha peke yake haitengenezi friji. Ujuzi nao watakiwa. Mwaka 1993 kiwanda kimoja cha Ujerumani kilianza kuunda friji zitumiazo gesi za jamii ya gesi ya kupikia, ambazo haziharibu ozoni. Chama cha Greenpeace, kilichoanzisha kazi hiyo, hakikuufungia ujuzi wake. Kila fundi aliruhusiwa kuutumia bila malipo. Baada ya miaka michache tu, viwanda vya China navyo vikaunda friji za namna hiyo.

Kazi haikuwa nyepesi. Gesi hii huwaka moto. Ilibidi viwanda viwe na mapepeo ya kutoa hewa na vyombo vya kutambua mvujo, na mafundi wafundishwe upya.

Mwaka 2010 nchi zinazoendelea nazo zilifikia mwisho wa kuunda CFC, na ozoni inapona polepole.

Basi, ukipewa chombo kipya, uliza pia: nani atatufundisha kukiunda na kukitengeneza?

Maswali:
1. Kwa nini China na Uhindi zilikataa kwanza?
2. Fedha ilileta nini, na ujuzi ulileta nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.