Chama cha Wauza Vitabu wa London na Daftari Lao

Katika mji wa London viko vyama vya mafundi na wafanya biashara zaidi ya mia moja, na vingi vyao ni vya tangu zamani sana: masonara, waoka mikate, washona nguo, watengeneza pinde, na wengineo. Vingine vimebaki na jina na karamu tu, wala mtu wa chama cha watengeneza pinde si lazima awe amepata kuvuta upinde maishani mwake. Lakini kimo kimoja kituhusucho sisi tuishio kwa vitabu, nacho ni chama cha wauza vitabu na wapiga chapa, ambao kwa Kiingereza huitwa Stationers. Habari zake zafaa kujulikana, kwa kuwa katika daftari lake ndimo lilimokulia jambo tunalolitaja kila siku pasipo kufikiri asili yake, yaani hakimiliki.

Kwanza jina lenyewe. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya mtu aliye na mahali pake, asiyehamahama. Wauzaji wengi wa siku zile walikuwa wachuuzi, leo soko hili na kesho lile. Bali wauza vitabu walikuwa na vibanda vyao vya kudumu, hasa kuizunguka kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, na watu wakawaita kwa kukaa kwao, si kwa bidhaa yao. Mwaka 1403 wakubwa wa mji waliwapa ruhusa kufanya chama kimoja, waandishi wa mkono, watia nakshi, wajalidi na wauzaji pamoja. Wakati huo hapakuwa na mtambo wa chapa katika Uingereza yote. William Caxton alikuja kuusimamisha wa kwanza huko Westminster mwaka 1476, na polepole wapiga chapa wakaingia chamani mpaka wakawa ndio wenye nguvu.

Tarehe 4 Mei 1557 Malkia Mary na mumewe Philip waliwapa hati ya kifalme. Hati hiyo ilisema kwamba mtu asiye wa chama hicho asipige chapa kitabu cho chote katika nchi, isipokuwa amepewa idhini na mfalme mwenyewe. Sababu yake haikufichwa: Malkia, aliyeshika dini ya Roma, aliogopa vitabu vya wale waliotaka kuligeuza kanisa. Mwaka wa pili yake akafa, na dada yake Elizabeth akatawala, naye alikuwa wa upande wa pili kabisa. Je, aliifuta hati ile? Hata kidogo, aliithibitisha mwaka 1559. Dini ya kiti cha enzi iligeuka, bali hofu ya vitabu haikugeuka.

Basi chama kikawa na kazi mbili katika mkono mmoja, kulinda riziki ya watu wake na kuilindia serikali. Watu wake waliruhusiwa kuingia katika nyumba na vyumba vya chapa, kutafuta vitabu vilivyokatazwa, kuvitwaa na kuivunja mitambo. Amri ya mwaka 1586 ilizidi kuwabana wengine: chapa ipigwe London tu, na mtambo mmoja Oxford na mmoja Cambridge, basi. Hapo ndipo tupatapo habari za John Wolfe, aliyekuwa mtu wa chama cha wauza samaki lakini kazi yake ni kupiga chapa. Vitabu vilivyouzika sana, kama sarufi, zaburi na vitabu vya watoto vya kujifunzia herufi, vilikuwa mali ya watu wachache kwa idhini ya kifalme, naye akavipiga chapa bila haya. Walipomkemea alijifananisha na Martin Luther, akasema kama mtu mmoja aliweza kuitengeneza dini, yeye naye ataitengeneza kazi ya chapa. Mwisho wake ulikuwaje? Mwaka 1583 alipokewa chamani, na mwaka 1587 akafanywa tarishi wa chama, akawa ndiye mwenye kuwawinda wanaofanya kama alivyofanya yeye. Wasomaji wetu watawakumbuka watu wa namna hiyo katika miji yao wenyewe.

Sasa tulifikie daftari. Mtu wa chama akipata maandiko ya kupiga chapa, alikwenda kwa karani, akalipa ada ndogo, na jina la kitabu likaandikwa pamoja na jina lake. Tangu siku ile hapana mwenziwe chamani aliyeruhusiwa kukipiga chapa kitabu hicho. Naye aliweza kukiuza, kukigawa nusu, au kumwachia mjane wake. Angalia: jina lililoandikwa kuwa la mwenye mali lilikuwa la mpiga chapa au mwuza vitabu. Aliyekitunga alipewa malipo yake mara moja, kama alipewa, na mambo yake yakaisha. Tarehe 8 Novemba 1623 Edward Blount na Isaac Jaggard waliandikisha michezo kumi na sita ya Shakespeare ambayo ilikuwa haijaandikishwa na wengine. Shakespeare alikuwa amekufa mwaka 1616. Lakini hata angalikuwa hai, daftari lisingalimwuliza neno. Kwa sababu hiyo Waingereza huita jambo hili haki ya kunakili, maana katika maneno ya chama «nakala» ndiyo iliyokuwa mali. Kiswahili chetu kimechagua njia nyingine, kikasema haki ya kumiliki, na kwa kweli neno letu laeleza mambo ya sasa kuliko lao.

Zamu ya watungaji ilikuja kwa kuchelewa. Sheria ya kuvichungulia vitabu kabla ya chapa ilikwisha muda wake mwaka 1695, na Bunge halikuitia nguvu tena. Wauza vitabu wakalalamika kwamba wanaibiwa; na walipoona hawasikilizwi kwa ajili yao wenyewe, wakaanza kuomba kwa ajili ya watungaji. Ikatoka sheria ya mwaka 1710, iliyompa mtungaji haki ya kitabu chake kwa miaka 14, na mingine 14 kama angali hai. Twadhani wale waombaji walipata zaidi ya walichotaka. Hata hivyo sheria hiyo ilikuwa na mipaka. Samuel Richardson alikuwa mpiga chapa na mtunga hadithi pia, na mwaka 1754 akawa Mkuu wa chama. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo kurasa za hadithi yake mpya ziliibwa katika nyumba yake ya chapa, zikapelekwa Dublin na kupigwa chapa huko. Sheria ya Uingereza haikufika Ireland, wala cheo chake hakikumsaidia.

Tumekaa sana juu ya neno hili kwa sababu latugusa. Mzee aketi jioni na kusimulia hadithi aliyopokea kwa babu yake. Mwalimu aiandike, aisafishe, aipeleke kwa wapiga chapa. Na kitabu kitoke na jina la mwalimu peke yake. Mwandikaji amefanya kazi, hatukani. Lakini ni yule yule mtu wa daftari la London: aliyefika kwa karani kwanza ndiye mwenye mali. Walau jina la msimuliaji na la kijiji chake liandikwe mwanzoni mwa kitabu.

Katika desturi za chama, iliyo karibu nasi ni ile ya wanagenzi. Kijana alifungwa kwa fundi wake miaka saba au zaidi, kwa hati iliyoandikwa mara mbili katika karatasi moja, ikakatwa katikati kwa meno meno, ili vipande vikikutanishwa ijulikane kuwa ni kweli. Aliahidi asioe, asicheze karata wala dadu, asizoelee nyumba za ulevi. Na fundi aliahidi kumlisha, kumvika na kumfundisha. Muda ukiisha akawa mtu huru wa chama. Mafundi wa pwani yetu hawakuandika hati, lakini mwanagenzi wao alitumika vivyo hivyo, na mwisho akatoa kilemba cha fundi. Chama cha London hufunga wanagenzi hata leo, ingawa wako wanaoingia kwa haki ya baba zao, na wengine kwa kulipa.

Mwaka 1933 kiliungana na chama cha watu wa magazeti, na siku hizi wamo watu wa karatasi, chapa, magazeti, utangazaji na intaneti. Kilikuwa na shule yake tangu 1858 hata ikafungwa 1983. Sasa kinasaidia shule nyingine kusini mashariki ya London na kuwalipia vijana masomo ya kazi hizi. Kuandikisha kitabu kulikoma kuwa sharti kwa sheria ya mwaka 1911, ila wenye kupenda waliendelea kuandikisha katika daftari jipya hata mwaka 2000.

Kila Jumatano ya Majivu watu wa chama hukutana katika jumba lao karibu na Ludgate Hill, wakala mikate midogo mitamu na kunywa pombe ya shayiri kwa wasia wa John Norton, aliyekuwa Mkuu mara tatu na kufa mwaka 1612. Kisha huvaa majoho, wakaenda kwa miguu hata kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, wakashuka chini ya kanisa kusikiliza mahubiri. Kanisa hilo silo alilolijua Norton. Moto ulipouteketeza mji mwaka 1666, wauza vitabu walikimbiza mali yao katika chumba cha chini ya kanisa la kale, wakidhani mawe yataihifadhi. Paa likaanguka, na vitabu vikawaka siku nyingi. Jumba la chama likaungua pia. Daftari ndilo lililopona, kwa kuwa karani alikuwa amelichukua mapema nyumbani kwake, nje ya kuta za mji.