Nambari ya Gari Ni Mali ya Nani?

Leo tuweke kando habari za programu na simu, tuzungumzie kile kibao kilichofungwa mbele na nyuma ya kila gari. Najua kuna atakayeuliza, hii nayo ni teknolojia? Ni teknolojia, tena kongwe. Miaka mingi kabla ya tarakilishi, makarani wa serikali walikuwa wanahangaika na swali ambalo kila mwanaprogramu hukutana nalo wiki ya kwanza kazini: kitu hiki nikipe kitambulisho gani, na je, kitambulisho hicho kinaweza kuhamia kwa kitu kingine?

Hapa Kenya jibu ni fupi. Nambari hukaa na gari. Ukimuuzia jirani Probox yako, nambari inaondoka nayo na mnabadilisha jina la mwenye gari tu. Uingereza, ambako mfumo wetu ulitoka, mambo ni tofauti kabisa. Huko mtu anaweza kuivua nambari kwenye gari, akaiweka miaka 10 bila gari lolote, kisha akaivisha gari jingine au akaiuza kwa bei ya nyumba. Walifikaje huko? Hawakupanga, na hilo ndilo linalonivutia.

Turudi nyuma. Sheria ya Magari ya mwaka 1903 ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1904. Wenye magari waliruhusiwa kuongeza mwendo hadi maili 20 kwa saa, yaani kilomita kama 32, lakini kwa sharti moja: kila gari livae nambari ili polisi wajue wa kumfuata. Kila kaunti na kila mji mkubwa ulipewa herufi zake. London ilipata A, Lancashire B, Essex F. Uskoti iliwekewa G, S na V, na Ireland I na Z. Karani alifungua daftari, akaandika nambari, jina la mwenye gari na aina ya gari. Basi, hiyo ndiyo iliyokuwa hifadhidata.

Sasa sikia vituko vya binadamu. Husimuliwa kwamba Earl Russell, kaka yake mwanafalsafa Bertrand Russell, alikesha nje ya ofisi ya London ili apate A 1. Wino wa sheria haujakauka, tayari kuna mtu anapiga foleni usiku kwa ajili ya nambari nzuri! Serikali iliona alama ya polisi, watu wakaona heshima.

Tatizo la pili analijua yeyote aliyewahi kutenga nafasi ndogo kwenye jedwali lake. Nambari ziliisha. Mwaka 1932 ikabidi waanze herufi tatu na tarakimu hadi tatu, umbo ambalo wazee wetu wanalikumbuka kwenye magari ya Kenya ya herufi tatu zinazoanza na K. Hizo nazo zilipoanza kuwa haba, mwaka 1963 wakaongeza herufi moja mwishoni, na herufi hiyo ilionyesha mwaka wa usajili. Kufikia 1965 ilikuwa lazima kila mahali.

Hapo ndipo kila kitu kilipogeuka. Karani alidhani ameongeza nafasi ya nambari tu, kumbe ameandika umri wa gari lako mahali ambapo mtaa mzima unausoma. Watu walianza kusubiri herufi mpya ndipo wanunue gari. Mwaka 1967 tarehe ya kubadilisha herufi ilihamishwa kutoka Januari hadi Agosti, na Agosti ikawa mwezi wa pilikapilika kwa wauza magari. Mwaka 1999 wakaigawa mara mbili, Machi na Septemba, ili wauzaji wapumue.

Na je, asiyetaka umri wa gari lake ujulikane? Alitafuta nambari ya zamani isiyo na herufi ya mwaka, au nambari ya Ireland Kaskazini, ambako herufi za mwaka hazikuingia na mpaka leo nambari hubeba I au Z. Sheria yao haikatazi kulifanya gari lionekane kuukuu zaidi. Inakataza kulifanya lionekane jipya kuliko lilivyo. Kwa hiyo nambari ya mwaka 1930 unaweza kuivisha gari la juzi, lakini gari la 2007 haliwezi kuvaa nambari iliyoanza kutolewa 2008. Sheria nzuri hiyo, kwa maoni yangu. Inamlinda mnunuzi na inamwachia mwenye majivuno uhuru wake.

Sasa tufike kwenye tarakilishi. Katika miaka ya 1970 kazi ya usajili iliondolewa kwenye kaunti na kupelekwa kituo kimoja cha tarakilishi mjini Swansea, Wales. Kituo hicho ndicho kinachoitwa DVLA tangu 1990. Madaftari yote yaliyotawanyika yalitakiwa kuwa rekodi moja. Mwenye gari linalotembea hakuwa na shida, kwa sababu alipolipia kodi ya barabara gari lake liliingizwa. Lakini fikiria gari lililolala ghalani chini ya turubai tangu vita, mwenyewe ameshafariki, na mjane wake hana habari na Swansea. Mlango ulifungwa Novemba 1983. Nambari ambayo haikuwa imeingia kwenye tarakilishi kufikia siku hiyo ilihesabiwa imekufa.

Si kwamba gari lilipotea. Lilikuwa pale pale, na kibao chake kimefungwa kwa skrubu zile zile za miaka ya 1920. Lakini kwa mujibu wa mashine, nambari ile haikuwahi kuwa ya gari lile. Madaftari mengi ya kaunti yalitupwa. Mengine yaliokolewa na hifadhi za nyaraka na vyama vya magari ya kale, wakati mwingine kwa bahati tu. Mimi nimeona jambo kama hilo kwa macho yangu: mteja mmoja, ambaye sitamtaja, alichoma vitabu vya wanachama siku ile ile data ilipoingia kwenye mashine, kabla mtu yeyote hajalinganisha mistari. Tarakilishi hukumbuka ulichoingiza tu, na usichoingiza haitakuambia kwamba kinakosekana.

Baadaye Waingereza waliweka njia ya kurudi. Kuna fomu iitwayo V765. Mwenye gari la kale analeta ushahidi, kwa mfano logibuku ya zamani au ukurasa wa daftari la kaunti lililosalia, na chama cha magari ya kale kinachotambuliwa kinathibitisha. Akikubaliwa, gari linarudishiwa nambari yake, ila nambari hiyo haiwezi tena kuhamishwa wala kuuzwa. Sharti hilo naliona la busara sana. Bila hilo, watu wangefukua makaratasi ya kaunti kutafuta nambari fupi za kuuza, na gari lenyewe wangelitupa.

Maana kufikia hapo pesa zilikuwa zimeingia. Kabla ya hapo ukitaka nambari ya fulani ilibidi ununue gari linaloivaa, kisha uombe ihamishiwe gari lako. Pikipiki mbovu isiyo na thamani ilinunuliwa kwa ajili ya kibao chake. Mwaka 1989 serikali yenyewe ikaingia sokoni: nambari ambazo hazijawahi kutolewa zilianza kupigwa mnada. 1 A iliuzwa kwa pauni 160,000. Mwaka 1993 K1 NGS, inayosomeka kama neno la Kiingereza la wafalme, ikafika pauni 231,000. Mwaka 2014 ikaja 25 O, iliyonunuliwa na muuza magari ya Ferrari kwa sababu inasomeka 250, na gharama zote zikafika pauni 518,000. Ile F ya Essex niliyoitaja juu, mnaikumbuka? Baraza la kaunti liliuza F 1 mwaka 2008, na kwa kodi na ada mnunuzi alilipa zaidi ya pauni 440,000. Herufi iliyokuwa ya kutambulisha kaunti tu ikanunuliwa kwa sababu ya mashindano ya magari ya Formula 1.

Kanuni za 1992 zilikamilisha safari: nambari ikaruhusiwa kukaa bila gari. Siku hizi unalipa pauni 80, nambari inavuliwa, gari linapewa nyingine inayolingana na umri wake, nawe unapata hati iitwayo V778. Haki hiyo hudumu miaka 10 na unaweza kuiongeza bila malipo. Ukiuza, humkabidhi mnunuzi kibao mkononi. Unaiandikisha nambari kwenye gari lake. Na kuna mtego: ukiuza gari au ukalipeleka kwa wauza vyuma chakavu kabla ya kuivua nambari, umeipoteza. Usisahau pia kwamba nambari yenyewe si yako hata kidogo. Ni ya serikali. Ulichonunua ni haki ya kuivaa, na ukisogeza herufi ili isomeke kama jina lako unaweza kutozwa faini hadi pauni 1,000 na kunyang'anywa. Kamera za kusoma nambari, teknolojia iliyobuniwa na watafiti wa polisi wa huko huko Uingereza mwaka 1976, hazina subira na mbwembwe za nafasi.

Kwa jicho la mwanaprogramu, haya yote yanawezekana kwa sababu moja. Gari lina kitambulisho kingine ambacho hakihami: nambari ya chesisi, ambayo kwa magari mengi tangu miaka ya 1980 ina herufi na tarakimu 17. Hiyo ndiyo inayofaa kuwa ufunguo wa rekodi. Kibao ni jina tu, kama jina la tovuti linavyoweza kuhama kutoka seva moja hadi nyingine.

Walioko Ghuba wataniambia Waingereza ni maskini. Dubai, Aprili 2023, nambari P 7 iliuzwa kwa dirhamu milioni 55 katika mnada wa hisani wa kuchangia chakula. Sawa, siwezi kubisha.

Kwetu Kenya, nambari za kujichagulia zipo, na NTSA iliziwekea ada ya shilingi 1,000,000. Lakini kwa sisi wengine, kibao ni mfululizo tu: herufi tatu, tarakimu tatu, herufi moja, huku I na O zikiachwa kwa sababu zinafanana na 1 na 0. Hiyo inakupa herufi 24 za mwisho, mara 999, yaani magari 23,976 kwa kila kundi kama KDA, lililoanza 2020. Mnunuzi wa gari kuukuu huku kwetu hutazama herufi hizo kabla hata ya kufungua boneti, ilhali zinaonyesha mwaka gari liliposajiliwa Kenya, si mwaka lilipotengenezwa Japani. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, inama usome ile nambari ya chesisi.