Habari za Vyama vya Ngoma ya Beni

Wasomaji wetu wengi wamepata kuona wanafunzi wa sekondari wakishindana kwa ngoma. Katika mashindano ya muziki ya Kenya, yaliyoanzishwa mwaka 1927, vikundi vya shule hupanda daraja baada ya daraja mpaka kufika mbele ya waamuzi wa taifa. Watu wengine husema kwamba jambo hili la vijana kujifunga chama, kuvaa sare na kushindana kwa ngoma limetoka Ulaya. Nasi twaona ni vema kueleza habari za vyama vya Beni, kwa maana ni wazee wa vyama hivi vya leo, na ndani yake mna fundisho kwa kila mzazi na mwalimu.

Mashindano yenyewe ni ya kale kuliko Beni. Katika miji ya pwani kila mtaa ulikuwa na ngoma yake, na huko Lamu watu wa Mkomani walishindana na watu wa Langoni. Basi katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 vijana walianza kuona mambo mageni: askari wa majini wakipiga gwaride, na bendi ya Sultani wa Unguja. Tena kule Freretown karibu na Mombasa, katika kijiji cha Misheni kilichoanzishwa kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, palikuwa na bendi ya tarumbeta ya Wakristo. Vijana walitazama, wakayachukua hayo yote, wakayatia katika mashindano yao ya zamani. Jina la Beni ni neno bendi lililogeuzwa na ndimi zetu.

Kila chama kilikuwa na safu zake na vyeo vyake: kingi, jemadari, kanali, hata daktari. Katika nchi ya Tanganyika vyama vilivyojulikana zaidi vilikuwa viwili, Marini na Arinoti. Marini walijiona kuwa bora, na wengi wao walikuwa makarani na watu wenye mishahara. Arinoti mara nyingi walikuwa wachukuzi na vibarua. Vita vya 1914 hata 1918 vilipokuja, askari na wapagazi waliichukua Beni mpaka bara. Ikafika Kongo, ikafika Nyasa, ikafika hata migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia.

Je, watu walipata faida gani? Mtu asidhani kwamba walifuata kelele tu. Kijana aliyetoka kwao kutafuta kazi katika mji wa ugeni hakuwa na baba wala mjomba wa kumpokea. Lakini akiwa Marini aliulizia nyumba ya Marini, akapewa mahali pa kulala. Akiugua, wenzake walimtazama. Akifa, walichanga wakamzika kwa heshima. Naye aliyeamriwa na kila mtu siku sita, siku ya ngoma alisimama mbele ya watu akiitwa kanali.

Hasara nazo zilikuwapo. Vyama vilishindana kwa karamu, na watu waliingia katika madeni ili wasishindwe na wapinzani. Nyimbo za kutukanana zilileta magomvi. Wenye serikali nao waliogopa: baada ya vita maofisa wa Kiingereza waliichunguza Beni, wakidhani labda mna shauri la siri la kuwapinga. Mwaka 1935 wachimbaji wa shaba walipogoma, watu sita wakauawa huko Luanshya, kamati iliyochunguza mambo yale ilisikia pia habari za vyama hivi.

Na Misheni je? Katika mahali pengi wakubwa wa Kanisa waliwakataza Wakristo wasicheze Beni. Hatusemi kwamba walikosa neno la kukataza, maana madeni, matusi na ulevi si mambo madogo. Lakini na tuseme kweli pia. Ngoma ile ilipata mbegu moja katika uwanja wa Misheni wenyewe. Tena kumwambia kijana aache chama kilichomzika nduguye, bila kumwonyesha ni nani atakayemzika yeye, ni kumvua nguo wakati wa baridi. Palipokuwa na Wakristo waliotembelea wagonjwa na kupokea wageni, katazo lilikuwa na maana. Pasipokuwa na watu hao, lilikuwa maneno matupu.

Ngoma ikivuma sana hupasuka. Beni ilififia polepole, na vijana wa mijini wakapenda dansi na mpira. Lakini haikufa bila watoto. Huko Malawi ngoma ya malipenga huchezwa hata leo, wachezaji wamejipanga safu kama askari, wakivuma katika vibuyu vilivyowambwa utando wa buibui.

Basi, ndugu wasomaji, mtoto wako akirudi kutoka shuleni akasema ameingia katika kikundi cha ngoma, usiharakishe kumkemea, wala usinyamaze tu. Umwulize: Nani huwafundisha? Gharama ya sare yatoka wapi? Mkishindwa, hufanyaje na walioshinda? Mwenzenu akiugua, huenda kumwangalia? Akiweza kujibu vema maswali haya, mwache acheze, nawe nenda ukamtazame. Asipoweza, sisi wazazi na walimu tunayo kazi ya kufanya, nayo haitamalizika kwa kukataza tu.