Mtoto kama Hadhira: Uchunguzi wa Children's Theatre Company ya Minneapolis

Uhakiki wa sanaa za maonyesho kwa Kiswahili umemzungumzia mtoto zaidi akiwa jukwaani kuliko akiwa kitini. Mtoto anaghani ngonjera, anacheza ngoma, anashindania kombe. Mtu mzima anatazama na kupiga makofi. Nani anamwigizia mtoto, kwa ujuzi gani, na kwa fedha za nani? Hapo tumenyamaza. Makala hii inadai kwamba maigizo ya watoto huwa taaluma pale tu mtoto anapotambuliwa kuwa mtazamaji kamili, anayestahili kazi iliyoandikwa, iliyogharimiwa na kuhakikiwa kwa kipimo kilekile cha kazi za wakubwa. Ushahidi wangu ni kampuni moja ya Marekani ambayo historia yake ina fahari na aibu, na vyote viwili vina la kutufundisha.

Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, iko mbali na New York kwa maili na kwa soko pia. Mwaka 1963 ukumbi wa Guthrie ulifunguliwa huko kwa imani kwamba maigizo ya hali ya juu hayana sababu ya kusubiri makombo ya Broadway. Maigizo ya watoto yakashika njia hiyohiyo. Kikundi kidogo cha Moppet Players, alichokianzisha Beth Linnerson mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndicho kilichozaa Children's Theatre Company mwaka 1965, ikiongozwa na John Clark Donahue. Kampuni ilipata hifadhi katika makumbusho ya sanaa ya jiji, na mwaka 1974 ukafunguliwa ukumbi wake wenye viti zaidi ya 700, uliosanifiwa na Mjapani Kenzo Tange. Mwaka 2005 ukaongezwa ukumbi mdogo, ambao umewafaa hasa watoto wa chekechea na vijana wa balehe, yaani makundi mawili yanayopotea kwa urahisi katika ukumbi mkubwa.

Siku za juma mabasi ya shule huleta wanafunzi, na mwisho wa juma huja familia. Hadhira hizi hazifanani. Mwanafunzi huketi na wenzake na hucheka kwa sababu wenzake wamecheka. Mtoto aliyekuja na bibi yake humgeukia bibi kwanza kuona kama inafaa kucheka. Mwongozaji wa maigizo ya watoto hana budi kuzitumikia hali zote mbili kwa onyesho lilelile, na wapo wasanii wanaoipuuza kazi hii ambao wangeshindwa nayo tangu dakika ya kumi. Mtu mzima aliyechoshwa na mchezo husinzia kwa adabu. Mtoto husimama na kuuliza kwa sauti kama umekaribia kwisha. Ndiyo maana kwa miaka mingi kampuni hii ilikuwa na waigizaji wa kudumu wanaolipwa mshahara, pamoja na mafundi wa mandhari na maleba, badala ya kutegemea watu wanaoigiza saa za ziada baada ya kazi nyingine. Mwaka 2003 ilipewa Tuzo ya Tony ya kampuni bora ya kikanda. Hakuna kampuni ya watoto iliyowahi kuipata kabla yake.

Mwaka huohuo ulitoa jaribio ambalo mtafiti asingeweza kulipanga vizuri zaidi. Kampuni ilikuwa imezindua mwaka 2002 mchezo wa muziki *A Year with Frog and Toad*, wa ndugu wawili Willie na Robert Reale, uliotokana na vitabu vya Arnold Lobel kuhusu vyura wawili marafiki. Mchezo ukapelekwa New York, ukaingia Broadway Aprili 2003, ukateuliwa kuwania Tuzo tatu za Tony, ukiwamo uteuzi wa mchezo bora wa muziki. Ulifungwa baada ya maonyesho 73. Wahakiki hawakuukataa mchezo; hesabu ndiyo iliyoukataa. Broadway huishi kwa tiketi ya mtu mzima mmoja au wawili wanaotoka jioni, ilhali familia hununua tiketi nne au tano kwa mpigo na hutaka kurudi nyumbani mapema. Baada ya hapo mchezo huo umeigizwa tena na tena katika kumbi za mikoani kote Marekani. Kwa hiyo, pale soko huria lilipodai kwamba kazi haina wateja, wateja walikuwapo tele. Kilichokosekana ni muundo wa fedha unaowafaa.

Muundo huo ndio kiini cha suala. Children's Theatre Company ni taasisi isiyogawa faida: tiketi hulipa sehemu ya gharama, na pengo huzibwa na michango ya wakfu, makampuni na watu binafsi, pamoja na ruzuku ya umma. Mwaka 2008 wapigakura wa Minnesota waliidhinisha, kwa kubadili katiba ya jimbo lao, nyongeza ya asilimia 0.375 katika kodi ya mauzo kwa miaka 25. Asilimia 19.75 ya mapato hayo imetengewa sanaa na urithi wa utamaduni. Msomaji atafakari: watu walijitoza kodi wenyewe, kwa kura, mwaka ambao uchumi wa dunia ulikuwa unaporomoka. Isitoshe, kampuni ina ng'ombe wake wa maziwa. Mchezo wa Krismasi unaotokana na kitabu cha Dr. Seuss kuhusu Grinch, uliozinduliwa hapo 1994, hurudishwa jukwaani mara kwa mara na kujaza viti. Mimi siuoni kuwa usaliti wa sanaa. Jina linalojulikana huleta mapato yanayowezesha majina yasiyojulikana kuandikwa.

Majina hayo mapya yapo. Chini ya Peter Brosius, aliyekuwa mkurugenzi wa sanaa kuanzia 1997 hadi 2024, kampuni iliwaagizia kazi waandishi wenye heshima katika maigizo ya watu wazima. Mwaka 2004 ilionyesha *Snapshot Silhouette* ya Kia Corthron, inayowaweka chini ya paa moja msichana Msomali na msichana Mmarekani Mweusi. Minneapolis ndiyo yenye jamii kubwa ya Wasomali kuliko miji mingine ya Marekani, na wengi wao walipitia kambi za wakimbizi nchini Kenya kabla ya kufika huko. Mtoto wa jamii hiyo aliyeingia ukumbini alikutana na jambo ambalo shule haikumpa: mgogoro wake, pamoja na dharau ya Weusi kwa Weusi, ukijadiliwa bila kupakwa sukari. Larissa FastHorse, mwandishi wa kabila la Lakota, naye alipata nafasi hapo mwaka 2007 kwa tamthilia yake *Average Family*. Mtoto anapohesabiwa kuwa hadhira, orodha ya mambo yanayoweza kusemwa mbele yake hupanuka.

Ila kampuni hiihii ilimsaliti mtoto. Mwaka 1984 Donahue, mwasisi aliyesifiwa kuwa kipaji cha ajabu, alikamatwa, akakiri makosa ya kuwadhulumu wavulana kingono na kufungwa. Baada ya Minnesota kulegeza mwaka 2013 ukomo wa muda wa kufungua mashauri ya aina hiyo, waliokuwa wanafunzi wa kampuni walikwenda mahakamani, na mwaka 2019 kampuni ilifikia suluhu nao. Sisimulii haya kwa ajili ya kashfa. Kampuni ya wakati ule iliwaweka watoto jukwaani na katika shule yake ya maigizo, chini ya mtu mmoja ambaye sifa zake zilifanya kumhoji kuonekane kama ujinga. Taaluma basi haipimwi kwa ubora wa taa na maleba peke yake. Hupimwa pia kwa kanuni: nani anakaa na watoto nyuma ya jukwaa, malalamiko yanapelekwa kwa nani, na kama bodi inaweza kumwondoa hata mwasisi. Mtoto anayeigiza yuko katika hatari ambayo mtoto anayetazama hana.

Hoja hiyo inatugusa moja kwa moja, kwa kuwa Afrika Mashariki imejenga karibu kila kitu juu ya mtoto anayeigiza. Tamasha la maigizo la shule na vyuo nchini Kenya limekuza vizazi vya wasanii. Mradi wa TUSEME, ulioanzishwa 1996 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitumia maigizo kuwawezesha wasichana wa sekondari kusema yanayowakwamisha. Siibezi kazi hiyo. Kwa upande wa kumpa mtoto sauti, imefanya mambo ambayo Minneapolis ingeweza kujifunza. Lakini mtoto anayesema hajawa mtoto anayeandikiwa. Wapo watakaojibu kwamba ukumbi wa watoto ni anasa ya nchi tajiri, na kwa jengo la Tange wana haki. Tamthilia fupi, waigizaji wanne na ukumbi wa shule si anasa.

Idara za sanaa za maonyesho katika vyuo vyetu zina wahitimu, na halmashauri zina kumbi zinazokaa tupu siku za juma. Kila idara iagize walau tamthilia moja mpya kwa mwaka kwa ajili ya watazamaji wa chini ya miaka 12, imlipe mwandishi na waigizaji, iweke kanuni za ulinzi wa mtoto kwa maandishi kabla ya mazoezi kuanza, na ipeleke kazi hiyo kwa wahakiki kama inavyopeleka tamthilia nyingine yoyote.