Kubonga Kichina: Panga Maneno Hivi, Mdosi Akuelewe Mara Moja

Wasee wengi wakianza Kichina huogopa ile michoro. Lakini kwa mjengo hakuna mtu atakuambia uandike. Utatakiwa kubonga, na hapo kitu inakuokoa ni mpangilio wa maneno. Darasa zipo: Taasisi ya Confucius ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi 2005, ya kwanza Afrika. Kama bado hujapata doh ama wakati wa kuingia huko, shika hizi sheria nne kwanza.

Maneno hapa yako kwa pinyin, yaani Kichina cha herufi zetu. Zile alama juu zinaonyesha sauti inapanda ama inashuka. Usizipuuze: mǎi ni kununua, mài ni kuuza.

1. Nani, anafanya, nini

Hii unaijua tayari. Wǒ chī ròu: mimi, kula, nyama. Tofauti ni kwamba sisi tunapakia wote kwa mat moja, "ninaila". Mchina anashukisha kila abiria kivyake. Wǒ ni mimi, nǐ ni wewe, tā ni yeye. Na chī hubaki chī, awe anakula mtoto ama mzee, leo ama kesho. Hakuna na, li wala ta.

2. Lini na wapi hutangulia kitendo

Hapa ndio wengi huteleza. Sisi husema "Nitafanya kazi Nairobi kesho." Kichina ni hivi: Wǒ míngtiān zài Nèiluóbì gōngzuò. Neno kwa neno: mimi, kesho, katika Nairobi, fanya kazi. Kariri hivi: nani, lini, wapi, ndio ufanye. "Kesho" unaweza kuiweka mwanzo kabisa pia, lakini usiitupe mwisho.

3. Kukataa kuko mara mbili

Bù hukataa mambo ya sasa, ya mbele na ya tabia: Wǒ bù chī ròu, mimi sili nyama. Méi hukataa kitu ambacho hakikufanyika: Wǒ méi chī, sijala. Kama huna kitu pia ni méi: Wǒ méi yǒu qián, sina doh. Usiwahi kusema bù yǒu. Na kama jambo limeshafanyika, weka le: Wǒ chī le, nimekula.

4. Kuuliza

Usigeuze chochote. Bandika ma mwisho: Nǐ chī ròu ma? Ni kama "je" yetu, ila imehamia nyuma. "Nini" nayo inakaa palepale jibu lingekaa, vile sisi hufanya: Unakula nini? Nǐ chī shénme? Hapo Kiswahili kimekubeba.

Chunga tu "lini". Hiyo ni ya wakati, kwa hivyo inafuata sheria ya pili, kabla ya kitendo.

Sasa unganisha zote. Ni siku ya malipo, na mkalimani hayuko, ama yuko lakini anatafsiri vile anataka. Mwendee mdosi mwenyewe na umuulize: Nín shénme shíhou gěi wǒ qián? Wewe, wakati gani, pa, mimi, pesa. Yaani, utanilipa lini? Nín ni nǐ ya heshima, ya mtu mkubwa.

Akijibu Míngtiān gěi nǐ, amesema kesho atakupa. Lakini akisema Zuótiān gěi le, tega sikio hiyo le: anadai alishalipa jana. Kama hukuona hata shilingi, usinyamaze ukienda kutafuta mtu wa kukusemea. Una maneno mawili yanatosha: Méi gěi. Hujanipa.